Turbo au injini kubwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu magari ya misuli ya Kimarekani

Magari ya misuli ni yapi hasa?

Ni magari ya milango miwili, ya umbo la kati, yaliyotiwa injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyokusudiwa gari kubwa zaidi, kisha yakauzwa kwa bei ambayo kijana wa kiwandani angeweza kuilipa kidogo kidogo. Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya mwaka 1964. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, Chevrolet, Oldsmobile na Buick, ilikuwa imekataza injini ya zaidi ya inchi za ujazo 330 kwenye magari ya ukubwa ule. Wahandisi wa Pontiac, chini ya John DeLorean, wakaipenyeza injini ya 389 kwa kuiandika kama nyongeza ya hiari kwenye gari la Tempest LeMans. Wakubwa walipokuja kushtuka, oda zilikuwa zimeshamiminika.

Wamarekani wa enzi hizo walipima injini kwa inchi za ujazo, sisi tunahesabu cc. Inchi moja ya ujazo ni kama cc 16.4. Kwa hiyo 350 ni cc 5,700, 389 ni cc 6,400 na 454 ni cc 7,400. Ukizoea hesabu hiyo, mengine yote hapa chini yatakaa sawa.

Kwa nini enzi zile waliongeza cc badala ya kufunga turbo?

Kwa sababu chuma kilikuwa rahisi na petroli pia. Galoni moja ya Kimarekani, karibu lita 3.8, iliuzwa senti 30 na ushei. Kutanua tundu la silinda na kurefusha mwendo wa pistoni ni kazi ambayo viwanda vya Detroit viliijua usingizini. Haihitaji bomba jipya wala fundi wa kusomea upya.

Lakini si kweli kwamba turbo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi, hawakuijaribu. Waliijaribu mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, ikawashinda, na namna ilivyowashinda ndiyo somo zima la mjadala huu. Twende swali linalofuata.

Oldsmobile Jetfire ilikuwa na shida gani?

Mwaka 1962 General Motors ilitoa magari mawili ya abiria yenye turbo: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ndiyo yenye hadithi. Ilikuwa na V8 ndogo ya aluminiamu, cc 3,500, inchi za ujazo 215, na ilitoa nguvu za farasi 215, yaani farasi mmoja kwa kila inchi, jambo la kujivunia siku hizo.

Sasa, hewa ukiibana inapata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi mdomo wa pampu unavyounguza. Turbo inafanya kazi hiyohiyo kwa kasi ya kutisha. Hewa ya moto ikiingia kwenye silinda ambayo tayari inabana sana, na Jetfire ilikuwa na kompresheni ya 10.25 kwa 1, petroli hulipuka yenyewe kabla ya zamu yake. Ndiyo ile sauti ya injini kugonga. Ikiendelea, pistoni hutoboka.

Oldsmobile hawakuwa na intakula, yaani kipozea cha hewa iliyobanwa na turbo. Walichofanya ni kuweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na alkoholi ya methanoli, likanyunyizia kwenye hewa inayoingia ili kuipoza. Mchanganyiko huo wakauita Turbo-Rocket Fluid. Ukiisha, mtambo unajizuia, na gari linakuwa zito kama limepakia matofali. Wenye magari wakawa hawajazi. Ni nani, mwaka 1962, aliyekuwa na tabia ya kufungua boneti kila baada ya muda kuongeza kitu kisicho maji ya rejeta wala oili? Malalamiko yakazidi, na kampuni ikaishia kujitolea kuwang'olea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Jetfire hazikufika 10,000 katika miaka yake miwili.

Kwa waliozaliwa kwetu: ndugu wa injini hiyo, ile iliyotengenezwa na Buick, ilinunuliwa na Rover ya Uingereza, ikaja kuwa V8 ya Range Rover za kwanza. Bila turbo.

Nimeona Chevelle imeandikwa "Turbo-Jet 396". Ina turbo?

Haina. Chevrolet waliziita V8 zao kubwa Turbo-Jet na ndogo Turbo-Fire kwa sababu enzi hizo jina lolote lenye harufu ya ndege liliuza. Hata giaboksi maarufu ya otomatiki, Turbo 400, haihusiani na turbo. Usinunue gari kwa kibandiko.

Turbo inaongeza nguvu kiasi gani ukilinganisha na kuongeza cc?

Injini ni pampu ya hewa. Nguvu inafuata kiasi cha hewa kinachoingia, mradi uiongezee petroli ya kutosha. Usawa wa bahari, hewa inatusukuma kwa paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Ukifunga turbo na kuiruhusu iongeze paundi 7, umeongeza karibu nusu ya hewa. Injini ya 350 itameza hewa ya kuitosha injini ya inchi za ujazo kama 515, kwenye karatasi.

Chevrolet wanauza injini mpya ya 502, cc 8,200, isiyo na turbo, kwa watu wanaokarabati magari haya. Kwa hiyo chaguo lako, kwa lugha nyepesi, ni hili: cc 5,700 zenye paundi 7, au cc 8,200 zinazovuta hewa zenyewe. Zinakaribiana. Tofauti ni jinsi nguvu inavyokufikia, na nini kinachoungua njiani.

Kwenye uhalisia turbo inapoteza sehemu ya hesabu hiyo kwa joto. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa paundi 7 na turbo ya kawaida inatoka ikiwa na nyuzi 80 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, na inagongesha injini. Intakula nzuri inairudisha chini, ndiyo maana naiweka intakula mbele ya turbo katika orodha ya manunuzi.

Mbona Chevelle ya 1970 ina farasi 450 na Buick GNX ya 1987 ina 276, lakini GNX inasifiwa kuwa kali?

Namba hizo hazikupimwa kwa mizani moja. Kabla ya 1972, kampuni za Marekani zilitangaza nguvu za injini ikiwa juu ya meza ya kupimia: bila eksozi ya gari, bila vifaa vinavyoendeshwa na mkanda, kila kitu kikiwa kimewekwa kwa faida ya namba. Tangu 1972 wakapima injini ikiwa na mizigo yake kama ilivyo ndani ya gari. Injini ya Chrysler iitwayo Hemi 426, iliyotangazwa farasi 425, kwa kipimo kipya iliandikwa 350. Haikuchoka kwa usiku mmoja. Mizani imebadilika.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba kushuka kwote kulikuwa kwa karatasi. Mwaka 1971 General Motors walipunguza kompresheni ya injini zao ziweze kutumia petroli yenye madini kidogo ya risasi, bima zilishaanza kuwabana vijana wenye magari ya nguvu, na 1973 ukaja msukosuko wa mafuta.

Kuna gari la misuli lililotoka kiwandani na turbo likafaa?

Liko, ila lilikuja baada ya enzi yenyewe kuzikwa.

Pontiac walijaribu 1980 na Firebird Trans Am, V8 ya 301, cc 4,900, turbo inayovuta kupitia kabureta. Farasi 210. Kwenye boneti waliweka vitaa vya kuonyesha presha ya turbo inavyopanda, na kusema kweli vile vitaa ndivyo kilichokuwa kitamu zaidi kwenye gari lile. Hakukuwa na intakula. Joto lilelile la Jetfire, miaka 18 baadaye.

Buick ndio waliofumbua fumbo. Walianza 1978 na V6 ya cc 3,800 yenye turbo na kabureta, ya kawaida tu. 1984 wakaipa nozeli za kupuliza mafuta kwa zamu, kila silinda na yake, kompyuta ikiamua kiasi. 1986 wakaiongezea intakula, farasi wakafika 235, na 245 mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 1987 Chevrolet Corvette, fahari ya kampuni, yenye V8 ya cc 5,700, ilikuwa na 240. Fikiria kikao cha wakubwa siku hiyo. Kisha ikaja GNX: 547 tu, nyeusi zote, farasi 276 za kutangazwa.

Ukitazama vizuri, turbo yenyewe haikubadilika sana kati ya Jetfire na GNX. Kilichobadilika ni kupoza hewa na kupima petroli. Mambo hayo mawili ukiyapuuza leo kwenye gereji yako, umejenga Jetfire.

Kuendesha kunatofautianaje?

Injini kubwa inajibu ukiigusa. Ukitoka kwenye taa kwa mzunguko wa 1,500, nguvu ya kuvuta ipo pale pale, inakusukuma mgongo bila kelele nyingi. Buick 455 Stage 1 ya 1970 ilitangazwa paundi-futi 510 za kuvuta, na hiyo inapatikana chini kabisa ya mizunguko.

Turbo husubiri moshi. Gurudumu lake linazungushwa na moshi wa eksozi, linaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kufika huko kunachukua muda. Unakanyaga, kimya kidogo, halafu gari linachanganya kwa ghafla. Wengine wanalipenda tukio hilo la ghafla kuliko nguvu yenyewe. Kwenye gari la 1968 lenye tairi za nyuma za kusukuma, springi za majani na breki za ngoma, mimi lingenipa wasiwasi kwenye lami yenye unyevu. Turbo za siku hizi zinazunguka mapema zaidi, na V8 hata ndogo ina moshi wa kutosha, kwa hiyo usichukulie kipimo cha Subaru ya zamani. Lakini kusubiri hakujaisha.

Naishi nyanda za juu. Inabadilisha chochote?

Sana. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 18 ya nguvu bila kosa la fundi. Denver, jimbo la Colorado, iko mita 1,600, hali ni ileile.

Kwa kweli turbo ilijulikana kwa ajili ya kimo. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha mlima Pikes Peak, hukohuko Colorado, zaidi ya mita 4,200. Injini iliyokuwa na farasi 350 chini, huko juu ilibaki na 230. Alipoiunganisha na turbo ikatoa 356. Na wazee wetu wa Safari Rally watakumbuka Toyota Celica Twincam Turbo ikishinda mwaka 1984, 1985 na 1986 kwenye njia ambazo nyingi ziko nyanda za juu.

Ukiwa Dar es Salaam au Houston, hoja hii ifute.

Nikifunga turbo kwenye V8 yangu ya zamani kama ilivyo, itavumilia?

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Injini nyingi za 1964 hadi 1970 zilikuwa na kompresheni ya 10 au 11 kwa 1, kwa sababu petroli ya siku zile ilikuwa na risasi na haikugonga kirahisi. Injini ya turbo inayotumia petroli ya sheli inataka 8 au 9 kwa 1. Maana yake utabadilisha pistoni, au vichwa vya silinda, au vyote. Ukiwa umefungua, mara nyingi utakuta pistoni za kusubu, yaani zilizomiminwa kwenye kalibu. Zinafaa kwa safari, ila zikigongwa hazipindi, zinapasuka. Za turbo ziwe za kufua, yaani zilizogandamizwa kwa nguvu.

Kisha ringi. Joto likiongezeka ringi ya pistoni hutanuka, na ncha zake zikigusana zinang'oa ukingo wa pistoni. Mafundi wa Marekani wanaochukua injini za malori ya Chevrolet, zile V8 za cc 5,300 zilizoanza 1999, na kuzifunga turbo, wengi hufungua injini kwa sababu hiyo tu: kukata ringi ziwe na nafasi pana zaidi. Kazi ndogo, lakini asiyeifanya hurudi na ndoo ya vyuma.

Halafu pampu ya petroli, oili ya turbo na njia yake ya kurudi iwe ya mteremko, rejeta pana, na kinga ya joto kwa nyaya na bomba la breki lililo karibu na eksozi. Boneti za magari haya ni ndefu, lakini zilipangwa kwa V8 na hewa ya kupita, si kwa tanuri mbili pembeni.

Kuhusu kuzima injini: madereva wa mabasi na malori yenye turbo wanajua kuiacha iungurume kidogo kabla ya kuzima, oili isiungue ndani ya turbo. Sheria ni hiyohiyo.

Naweza kubaki na kabureta yangu?

Inawezekana. Kuna kuiweka kabla ya turbo, kama Trans Am ya 1980, na kuna kuiweka baada ya turbo, hewa iliyobanwa ipulizwe ndani yake. Ya kwanza inakunyima intakula, kwa kuwa unapoza mchanganyiko wa petroli na hewa, jambo la hatari kidogo na petroli hudondoka njiani. Ya pili inahitaji kabureta iliyofungwa vizuri na pampu inayopandisha presha ya petroli sambamba na presha ya turbo. Mimi ningeweka nozeli na kompyuta, niifiche chini ya kisafishia hewa cha zamani.

Na uzito?

V8 kubwa za chuma za Chevrolet hupita kilo 300 na vikorokoro vyake, na uzito wote uko juu ya tairi za mbele. Gari linasita kukata kona. Injini ndogo yenye turbo ni nyepesi, ila ukijumlisha intakula, mabomba na rejeta kubwa, faida inapungua.

Difu haijali nguvu imetoka wapi. Ukipita farasi 500, difu nyepesi za kiwandani zitaaga kwa sauti. Difu za Ford inchi 9 na Dana 60 zimependwa kwa sababu hiyo.

Ipi inakula mafuta kidogo?

Ukitembea polepole, injini ndogo yenye turbo. Ukikanyaga, zote zinakunywa, na ya turbo huongezewa petroli ya ziada ili kupoza vyumba vya moto. Kama ulaji wa mafuta unakunyima usingizi, tafuta gari la aina nyingine.

Je, turbo inashusha thamani ya gari?

Kama gari bado lina injini yake ya kuzaliwa, namba za bloku zikifanana na za gari, ndiyo, na si kidogo. Wanunuzi wa Marekani hulipia namba hizo. Hemi ya Chrysler, LS6 ya Chevrolet, Stage 1 ya Buick: usiziguse kwa tindo. Kama injini ilishang'olewa zamani na kilichobaki ni bodi na hati, hakuna utakachoharibu.

Ungekuwa wewe, ungechagua ipi?

Gari lenye injini yake ya asili ningeliachia cc zake, nikahangaika na breki na upoozaji. Bodi tupu, ukiwa usawa wa bahari na unaendesha mitaani Jumapili, ningetia V8 kubwa isiyo na turbo, kwa kuwa inarekebishika na fundi yeyote mwenye spana na masikio. Bodi tupu, ukiwa Nairobi au Denver, au unataka kushindana mbio za robo maili, turbo, tena bila kubishana. Na nikipata Buick ya 1987 sitabadilisha kitu hata skrubu.

Nimeshanunua turbo. Nianzie wapi?

Iache kwenye boksi. Anza na rejeta na feni, kisha pampu ya petroli na bomba lake, kisha breki za mbele za diski. Pima kompresheni ya kila silinda. Ikitofautiana zaidi ya asilimia 10, fungua injini kwanza. Funga kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye eksozi na uendeshe wiki mbili bila turbo ujue injini yako inavyopumua. Turbo ikishafungwa, anza na paundi 5, usikilize kwa makini ukiwa gia ya juu kwenye mlima, na siku ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, toa mguu hapohapo.